Punguza Hewa, Sindano Itafika

Nilikabidhi ufunguo wa stoo Ijumaa. Jumatatu asubuhi mmoja wenu akanipigia simu kuuliza kwa nini bunduki namba mbili inaangusha sindano njiani wakati geji inaonyesha hewa imejaa. Nimeona bora niandike mara moja kuliko kujibu simu mpaka nife. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Hata mimi jambo hilo lilinipita kimyakimya. Nitaandika habari za hewa na vali, na mtu aliyenifundisha, halafu lile jambo la msitu wa Ugalla ambalo mmekuwa mkiniuliza wakati wa chai, nami nikigeuza mazungumzo.

Mimi, Spesi, ni mtoto wa Katumba. Wazazi wangu walitoka Burundi na nyumbani tulisema Kirundi, Kiswahili nikakikuta shuleni. Kitengo cha kutibu wanyamapori pale Mpanda kilinichukua niwe mtunza stoo: kuhesabu glovu, kufunga kabati la dawa, kuandika kilichotoka na kilichorudi. Siku ya kwanza nilifungua mlango nikasikia mtu anapumua nyuma ya rafu. Pumzi ndefu, nyembamba, bila kupokezana. Alikuwa anatoa tu, haingizi. Nikarudi nyuma hatua tatu na ufunguo mkononi.

"Ingia, binti," sauti ikasema kutoka kwenye benchi la kona. "Siyo mtu huyo. Ni namba mbili. Anavuja tangu juzi."

Ndivyo nilivyomfahamu Fundi Lubeni, Mpimbwe wa Kibaoni, aliyeanzia kwenye baiskeli na pampu za kunyunyizia dawa mashambani kabla ya kuletwa kutengeneza bunduki za sindano za usingizi. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu, na mimi nadhani hilo ndilo lililomfanya awe na masikio yale. Aliweka bunduki kwenye shavu, akafumba macho, na stoo nzima ilitakiwa kukaa kimya. Hata daktari alinyamaza. Kisha akasema, "Siyo springi. Kiti cha vali kina mkwaruzo, upande wa chini." Ukifungua, unaukuta, mwembamba kama unywele, upande wa chini.

Kwa wale ambao hamkumkuta, somo lake lilikuwa hivi. Bunduki zetu hazina baruti. Zina chupa ya hewa iliyoshindiliwa kwa pampu ya mguu, na kati ya chupa na mtutu kuna vali: kizibo kidogo kinachokalia kiti chake. Ukivuta kifyatulio, nyundo inagonga kizibo, kinafunguka kwa muda mfupi kuliko kope kupepesa, hewa inapita na kusukuma sindano. Mwendo wa sindano unatokana na mambo mawili, siyo moja: hewa ina nguvu kiasi gani, na mlango umekaa wazi muda gani. Vijana wote wanakumbuka la kwanza. La pili ndilo linalotuaibisha porini.

Maana hewa ile ile inayosukuma sindano ndiyo inayokibana kizibo kwenye kiti. Ukiijaza chupa kupita kiasi, nyundo inagonga mlango ulioshikiliwa na watu kumi kwa ndani. Unafunguka ufa, unajifunga. Hewa inayotoka ni kidogo, na sindano inatoka imechoka. Ukipunguza hewa mpaka pale panapostahili, kizibo kinaruka vizuri, mlango unakaa wazi zaidi, na sindano inakwenda kasi kuliko mwanzo. Ukipunguza mno, nayo inakufa. Kazi yote ni kupajua pale katikati, na kila bunduki ina pake.

Kupima, Lubeni hakuwa na mashine. Alining'iniza kigunia cha pumba kwenye kamba mbili, akafunga kalamu ya risasi chini yake ikigusa karatasi. Sindano ikipiga, kigunia kinarudi nyuma na kalamu inachora mstari. Mstari mrefu, mwendo mkubwa. Tulianza chupa ikiwa imejaa, tukafyatua na kupunguza, tukafyatua na kupunguza. Mistari ilikuwa inarefuka kadiri tulivyopunguza hewa, halafu ikaanza kufupika. Nilidhani ananifanyia kiinimacho.

"Usinitazame mimi," akasema. "Tazama karatasi."

Daktari wetu alikuwa Machibya, Msukuma, mrefu, mpole kwa wanyama na mwenye haraka kwa watu. Wakati huo alikuwa mgeni bado. Kiangazi kimoja tulikwenda kwenye mabwawa ambayo mto ulikuwa umeyaacha, pale ambapo viboko hubanana kwenye tope wakiwa mamia, migongo imepasuka kwa jua. Mmoja alikuwa na rimu ya chuma shingoni, Mungu ndiye ajuaye aliivaaje, na ilikuwa imezama kwenye nyama. Machibya aliona umbali ni mkubwa, akaniambia nijaze mpaka mwisho wa geji. Nikajaza. Alipofyatua ilisikika "tap", kama mtu aliyegusa meza kwa kidole, na sindano ikachomeka kwenye tope katikati ya njia.

Kilichofuata sikipendi mpaka leo. Viboko wote waligeuza vichwa vyao kwetu kwa pamoja. Hakuna aliyenguruma. Mamia ya macho madogo, na kimya, mpaka nikasikia tope likitoa mapovu. Lubeni alitambaa kutoka kwenye gari, akachukua bunduki, akaachia hewa kidogo, "psss", bila hata kutazama geji, akamrudishia daktari. Sindano ya pili ilikwenda moja kwa moja begani.

Njiani Machibya aliuliza kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake, "Fundi, ulijuaje ni kiasi gani?"

"Chupa ilikuwa juani tangu asubuhi. Hewa ikipata joto inavimba. Geji ya saa mbili siyo geji ya saa sita. Na vali nilikuwa naisikia imejikaza."

Basi, hayo ndiyo nilirithi. Lubeni alipougua kifua, nilikwenda kumtazama Kibaoni. Alikuwa anakoroma kwa ndani kila akivuta hewa. Akaniambia nimwekee sikio kifuani. Nikaweka. "Unasemaje?" akauliza. "Kiti cha vali," akasema mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa. Tulimzika wiki iliyofuata. Tangu hapo benchi la kona likawa langu, na mimi ndiye niliyewaambia watu wanyamaze.

Sasa Ugalla.

Ilianza na warina asali. Kikundi chao kutoka Inyonga kilikuwa na kambi ndani kabisa ya msitu, mizinga kwenye miti pande zote. Shabani, kiongozi wao, alikuja ofisini kwetu kwa pikipiki, akakaa, akamaliza chai yote ndipo akasema. Kambi wameihama. Kuna kitu kinapiga mluzi.

"Ndege," Machibya akasema.

"Daktari, mimi nimekua na ndege." Shabani alieleza kwamba warina asali humwita mlembe, yule ndege anayewaonyesha nyuki, kwa mluzi, na kila mtu ana mluzi wake. Huu ulikuwa mluzi wa mtu. Mrefu, unashuka mwishoni. Ukipiga wako, wenyewe unanyamaza kidogo, kama unafikiri, halafu unajibu. Ukiufuata, unakuta matawi yamevunjwa na hakuna mtu. Na waliujua ni wa nani. Ni wa Mzee Kapalata, mwenzao, aliyeingia msituni masika yaliyopita kukagua mizinga na hakurudi. Walimtafuta siku nane. Walikuta mzinga mmoja umepandishwa nusu ya mti, kamba inaning'inia, na panga lake limechomekwa ardhini. Basi.

"Mmekuja kwetu kwa sababu gani? Sisi tunatibu wanyama," nikauliza.

"Kwa sababu juzi nimeona nyayo, dada. Tembo, mmoja, anaburuta mguu. Na mluzi ulitokea pale pale. Wenzangu wanasema Kapalata amegeuka tembo." Alitazama sakafu. "Na kuna mke wake. Mama Zaituni amekataa matanga. Anasema huwezi kumlilia mtu anayepiga mluzi. Kila akipata nafasi anaingia msituni kumwitikia. Tumemrudisha mara nne."

Tulilala kijijini kwao ili tuanze mapema. Mama Zaituni alikuja mwenyewe kutusalimu, mwanamke wa makamo, msafi, khanga yake imepigwa pasi, hana dalili yoyote ya kuchanganyikiwa. Nilimwamkia, akaitikia kwa adabu, akanishika mkono.

"Mwanangu, nimesikia mna bunduki."

"Ni ya usingizi tu, mama. Haiui."

"Akilala, ataendelea kuita?"

Niliwahi kuulizwa maswali mengi kazini. Hilo nililala nalo mpaka alfajiri.

Asubuhi tuliingia, Shabani mbele, Machibya na bunduki namba mbili, mimi na sanduku, na askari wa wanyamapori wawili nyuma. Miombo ilikuwa imepukutisha, majani makavu yanapiga kelele chini ya viatu. Saa tatu tuliusikia. Shabani alisimama kama aliyeguswa bega.

Nawaambieni kweli, nywele zilinisimama. Ulikuwa mluzi wa mtu mzima anayeita mtu anayemfahamu. Ulipanda, ukakaa, ukashuka. Ukanyamaza. Ukarudi. Askari mmoja alianza kusali kwa kunong'ona. Nikafumba macho, kama nilivyofundishwa, nikausikiliza mara ya tatu, ya nne, ya tano. Unaanza kwa nguvu. Unashuka nguvu inapopungua. Kisha mapumziko yaleyale, kwa urefu uleule. Mtu anayeita hapumziki kwa kipimo.

"Daktari," nikasema, "hiyo ni hewa inavuja."

"Inavuja wapi?"

"Sijui. Ila ni kitu kinapumua kupitia penye ufa, na kuna kitu kimekatiza kwenye huo ufa."

Tulimkuta kwenye uwazi karibu na mti wa mninga. Dume, peke yake, mbavu zinahesabika. Katikati ya mkonga wake waya ulikuwa umezungushwa na kuzama mpaka umekata nyama na kutoboa tundu la pumzi. Kila alipotoa hewa, ilipita kwenye tobo, ikakatwa na ule waya, ikalia. Shabani aliweka mkono mdomoni. Alikuwa analia na mimi sikujua kama ni kwa huruma au kwa kupona hofu.

Machibya alipima kwa macho. Hatua hamsini, mbali mno kwa sindano nzito ya tembo, na ngozi ile inataka mwendo. Alikuwa anatafuta njia ya kusogea, ndipo tukasikia mluzi wa pili. Ulitoka upande wa pili wa uwazi.

Mama Zaituni alikuwa ametoka kwenye miti. Sijui alitupita wapi. Alitembea polepole kuelekea kwa tembo, khanga imefungwa kiunoni, amekunja midomo, anapiga mluzi uleule: unapanda, unakaa, unashuka. Tembo akageuka. Masikio yakafunguka.

"Mawe we," nikasema kwa lugha ya mama yangu, nikimwita yeye.

"Jaza!" Machibya alinisukumia bunduki mkononi bila kuondoa macho kule. "Spesi, jaza mpaka mwisho, sasa hivi!"

Askari alikuwa ameinua bunduki ya risasi, lakini mama yule alikuwa kwenye mstari wake. Nilishika chupa. Ilikuwa ya moto. Tulikuwa juani saa nzima na geji ilikuwa imepanda kupita alama niliyoweka alfajiri. Nikaweka sikio. Nawahakikishia, katikati ya yote yale, niliisikia vali imejikaza, haina hata ule mnong'ono wake wa kawaida. Nikafungua skrubu ya kuachia. Psss.

"Unafanya nini!"

"Napunguza."

"Mwanamke atakufa!"

"Ukijaza ndiyo atakufa. Lenga juu kidogo, daktari. Piga."

Nilimwona anataka kubishana. Nadhani alikumbuka tope la viboko, maana alifunga mdomo, akachukua bunduki, akaegemea mti, akapiga. Sauti ilikuwa ile ninayoipenda, "pah", fupi, iliyojaa. Utepe mwekundu wa sindano ukaonekana kwenye paja la tembo, umesimama wima.

Kazi yetu ilikuwa imekwisha na hatari ilikuwa haijaanza kupungua. Dawa ya tembo inachukua dakika kadhaa. Muda wote huo hakuna wa kumgusa wala kukimbia. Nilikuwa nimeshika saa kwa ajili ya fomu, nikahesabu. Tembo alikwenda mpaka mbele ya Mama Zaituni, akasimama umbali wa kama kitanda na kitanda. Hakupandisha kichwa wala hakupiga mguu. Alitoa pumzi, ikalia. Mama Zaituni akajibu. Akatoa pumzi, ikalia. Akajibu. Sote tulisimama pale kama watu waliokuta mazungumzo yasiyo yao. Dakika ya sita nyonga zilimlegea. Ya nane alikaa, akaegemea, akalala ubavu kwa mshindo niliousikia kwenye meno.

Mluzi haukukoma. Ndilo jambo ambalo sikuwahi kulizoea nikilikumbuka: alilala, jicho limebaki wazi halioni kitu, na mluzi ukaendelea kutoka chini, miguuni petu, polepole zaidi. Nilifunika jicho kwa kitambaa. Tuliingiza kijiti kwenye ncha ya mkonga ili njia ya hewa isizibe. Machibya akaanza kuufungua waya kutoka kwenye nyama, hatua kwa hatua, akimwagia maji ya dawa. Mama Zaituni alikuja akachuchumaa kando yangu. Hakuna aliyemfukuza.

Machibya alikata sehemu ya mwisho, akavuta. Nikaandika muda kwenye fomu. Pumzi iliyofuata ilitoka "hooo", pana, ya mnyama tu.

Waya uliwekwa kwenye trei. Mama Zaituni aliuinua kabla sijamzuia. Kwenye mwisho wake kulikuwa na fundo la ajabu, limezungushwa mara tatu na kupindwa kurudi ndani, kama warina asali wanavyofunga mizinga isianguke. Aliligeuzageuza kwa vidole vyake. Kisha akalishika fundo lile kwa namna mtu anavyoshika kifungo cha shati analolijua.

"Anafunga hivi," akasema taratibu. "Kwa mkono wa kushoto. Hakuna mwingine anayefunga hivi."

Shabani aligeukia upande mwingine. Mtego wa waya ni kosa, na kila mtu pale alijua sheria. Machibya alinitazama, akatazama fomu mkononi mwangu, akarudi kwenye kidonda akaendelea kupaka dawa. Kwenye fomu niliandika "waya umetolewa". Kuhusu fundo sikuandika. Sasa nimestaafu, naandika.

Tulipiga sindano ya kuamsha tukarudi kwenye miti. Tembo alinyanyuka, akayumba, akaupeleka mkonga wake mbele ya uso wake na kupuliza. Kimya. Akapuliza tena. Halafu akaenda mahali alipokuwa amechuchumaa Mama Zaituni, akanusa majani kwa muda mrefu sana, muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaingia msituni bila sauti, mnyama mkubwa vile.

Tukiwa njiani kurudi, Mama Zaituni aliomba gari lisimame. Alishuka, akatazama msitu, akapiga mluzi mmoja, mrefu, unaoshuka mwishoni. Akasubiri. Sisi wote ndani ya gari tulisubiri, na mpaka leo sijui tulikuwa tunaogopa nini zaidi, kwamba utajibiwa au hautajibiwa.

Haukujibiwa. Alipiga tena. Kisha akafungua khanga kiunoni, akajifunga kichwani kama wafiwa, akakaa chini kwenye vumbi la barabara, na kilio chake cha kwanza kikatoka. Nilishuka nikakaa naye. Nilimshika tu bega mpaka Shabani aliporudi na wanawake wa kijiji.

Mchana ule nyumba yao ilijaa watu. Mikeka ilitandikwa, moto wa nje ukawashwa, maji yakapandishwa jikoni, kama vile mtu amefariki asubuhi ile. Mzee mmoja wa kijiji alipita na daftari la msiba, akiandika ya kutangaza. Alipofika kwa mfiwa akainama na kuuliza kwa upole, marehemu amefariki lini. Mama Zaituni aligeuka akanitazama mimi, nikiwa bado na fomu yangu kwapani.

"Mwambie, mwanangu. Wewe uliandika."

Nikafungua fomu, kwenye mstari wa "waya umetolewa", nikamsomea.

"Leo. Saa nne na dakika kumi."